Milima Haikutani

Mtoto wa Unguja hufundishwa kwamba milima haikutani, binadamu hukutana, ilhali kisiwa chake kina vilima tu. Wazee wanne waliotawanywa utotoni na mapinduzi ya 1964, watatu wakaishia Maskati na mmoja London, waliipima methali hiyo katika Jabal Akhdar, Oman.

Gari lao lenye vitanda na jiko liliishia Birkat al-Mawz. Hapo polisi huruhusu kupanda magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu, kwa kuwa njia ni mkali na mteremko wa kurudi huunguza breki. Wakahamishia mahema, birika na mkaa katika gari la mmoja wao, wakapanda hadi uwanda wa Saiq, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kisha wakashika njia ya mawe.

Usiku baridi iliwasogeza motoni. Yule wa London akauliza habari za mwenzao wa tano, aliyebaki Unguja. Kimya kikapita. Alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma, na kila mmoja alidhani mwingine amekwisha kumwarifu.

Methali haisemi kwamba kukutana kuna muda wake. Majabali yaliyotazamana ng'ambo ya bonde yanaweza kungoja, wao hawawezi. Asubuhi, kabla ya kushuka kwa gia nzito, walipanga safari ya kwenda kulizuru kaburi. Safari hii hawakusema mwakani, inshallah. Walitaja mwezi.