Mathe, kesi ya rent na ile 3,000

Mimi ni mtoto wa landlord. Nitukaneni kwanza, halafu tuendelee.

Si mnajua vile tunawachora: mzee wa kitambi, funguo kiunoni, anagonga mlango tarehe tano kabla jua litoke. Mimi mwenyewe nimetengeneza video kama hiyo na mkacheka. Lakini landlord ninayemjua vizuri ni mathe. Ana vyumba vinane hapa Katoloni, Machakos, alivyojenga kimoja kimoja kwa mkopo wa sacco ambao bado analipa. Chumba ni 2,300 kwa mwezi. Hiyo pesa ndiyo imenisomesha, na hata simu ninayoandikia hii post imetoka huko.

Mwaka jana mpangaji wa namba sita aliacha kulipa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya mjengo, mjengo ikaisha, akaanza kulipa nusu nusu, halafu ikawa ni maneno tu. "Mwaitu, nivumilie hadi Ijumaa." Anamwita Mwaitu, vile tu mimi namwita. Ijumaa zikapita kama ishirini. Kwa hesabu ya mathe ilikuwa miezi mitano kamili: 11,500.

Mjomba akasema tutoe mlango. Kama umewahi kuishi ploti unaijua hiyo: unatoka kazini unapata nyumba haina mlango, au mabati ya juu yameenda, au kuna kufuli mpya na vitu vyako viko ndani. Mathe alikataa. Alisema hawezi kulaza watoto wa wenyewe kwa baridi. Akawafungia maji tu, na akaona amekuwa mpole sana.

Kumbe hata hiyo ni makosa. Nilikaa usiku mzima nikisoma. Nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kisheria haizidi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya Rent Restriction Act, Cap 296, sheria ya 1959, na kesi zake zinaenda Rent Restriction Tribunal. Landlord hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya tribunali, hata kama ana deni la mwaka. Hawezi kubeba TV yako kufidia rent bila ruhusa, na akipewa ruhusa, kazi ni ya auctioneer mwenye leseni, si ya mjomba na vijana wawili wa boda. Na kumsumbua mpangaji ndiyo achoke ahame ni kosa ambalo wewe landlord unaweza kushtakiwa.

Wewe wa bedsitter ya 7,000, pole, hiyo meza si yako. Kesi yako inaenda korti ya kawaida. Mwenye duka naye ana Business Premises Rent Tribunal yake, na notisi ya kumtoa haipungui miezi miwili. Mwaka 2021 kulikuwa na mswada wa kuweka sheria hizi kwa kapu moja, lakini mathe alikuwa anapambana na hizi hizi za zamani.

Wakili je? Tuliuliza mmoja tu, na hata kabla amalize kuongea tulijua pesa yake itakula deni lote na kuomba chenji. Kwa hivyo mathe akasema atasimama mwenyewe. Sheria inamruhusu. Mpangaji pia hakuwa na wakili.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikize. Mathe aliingia kwa hii kesi akiwa na uchungu na daftari moja. Daftari ni la shule, lenye kurasa za kwanza za homework yangu ya darasa la sita. Ndani ameandika vitu kama "No 6 kaleta 1,000 bado." Lini? Hakuna tarehe. Cash au M-Pesa? Hajaandika. Risiti hajawahi kumpa mtu maishani. Nyumba yenyewe walikubaliana kwa mdomo, mlangoni, mtoto wa jamaa akiwa mgongoni.

Nikaomba statement ya M-Pesa ya laini yake, nikaprint kwa saiba, nikakaa na highlighter. Nikapaka kila pesa yenye jina la jamaa. Halafu nikaona jina la mwanamke, 1,500, na mwezi uliofuata tena 1,500. Nilijua hilo jina. Ni mke wa namba sita. Alikuwa ametuma 3,000 na mathe hakuwa ameihesabu popote.

Nikamwonyesha jikoni. Akaangalia hiyo karatasi kitambo.

"Wacha aseme mwenyewe kama alilipa," akaniambia.

"Mwaitu, na asipokumbuka?"

"Wewe uko upande gani?"

Sikujibu. Kusema ukweli, sijui hata leo ningejibu nini. 3,000 kwetu si pesa kidogo, ni karibu installment nzima ya sacco. Lakini mimi ndiye nilikuwa napost kila siku eti landlord ni wezi, na sasa ushahidi ulikuwa mkononi mwangu na highlighter ya manjano juu yake. Tukalala bila kuongea.

Siku ya kesi mathe alivaa nguo ya kanisa. Jina lake likaitwa, akasimama, akaanza na mwaka aliofiwa na baba. Vile alibeba mawe. Vile huyu kijana alikuja na mtoto mdogo na akamhurumia. Yote ni kweli. Mwenyekiti akamsikiza kidogo, akamuuliza: anadaiwa ngapi, na ni ya miezi gani? Mathe akarudi kwa mawe. Akaulizwa tena, pole pole. Nilitaka kusimama nimsaidie na sikuweza. Nadhani hivi ndivyo landlord wengi wanaojisimamia huanguka. Si eti wanaonewa, ni kwamba wamekuja kueleza vile wameumizwa na hapo mbele kinachotakiwa ni tarehe.

Jamaa akasimama akasema hakatai deni, kazi iliisha, lakini bibi yake alituma pesa na haijahesabiwa. Hakuwa na karatasi yoyote. Kulikuwa na neno lake tu.

Mathe akafungua mkoba. Sikujua amebeba ile statement. Akaitoa, akaikunjua, akasema, "Ni ukweli. Ni 3,000. Ni 8,500 ndiyo imebaki."

Hakuniangalia.

Halafu akaulizwa kuhusu maji, na hapo pia akasema ukweli, kwamba ni yeye alifunga. Akaambiwa ayafungue siku hiyo hiyo, na sauti ya kumwambia haikuwa ya huruma. Jamaa akapewa kulipa 8,500 kidogo kidogo pamoja na rent ya kila mwezi, na akishindwa mathe anarudi kuomba chumba chake.

Mjomba alisema tumepoteza. Kuna wale pia watasema hizi tribunali ni za wapangaji. Mimi naona mathe alitoka na deni lililoandikwa, lenye tarehe, kitu daftari lake halikuwahi kumpa.

Tulifika nyumbani jioni. Hakuingia hata kwa nyumba kubadilisha viatu, alienda moja kwa moja kwa koki ya nyuma na spana, akafungua. Mke wa namba sita alikuwa amesimama hapo na mtungi. Hawakusalimiana. Maji yalitoka machafu kwanza, wote wawili wakangoja yasafike.

Jamaa amelipa mara mbili. Ya tatu ni Ijumaa hii.

Mathe amenunua kitabu cha risiti. Anaandika kila kitu sasa, hata mia mbili ya maji, na mimi ananidai sahihi nikikopa fare.