Tovuti Zilizoanza kwa Muziki

Nilipoingia kwenye kazi ya ubunifu Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tovuti ya studio ilipimwa kwa jambo moja tu: inakuacha mdomo wazi au haikuachi. Bosi wetu alikuwa na orodha ya tovuti alizozihusudu, na iliyoshika namba moja ilikuwa ya 2Advanced, studio ya California iliyoongozwa na Eric Jordan. Toleo lao la mwaka 2003, walilolipa jina la Prophecy, lilikuwa kama filamu: muziki, mandhari, menyu zinazoteleza zikitoa mlio. Tulijazana nyuma ya kiti cha bosi kuitazama. Hakuna aliyeuliza wale watu wanauza nini wala wanapatikanaje. Tuliuliza wamefanyaje.

Jibu lilikuwa Flash, programu ambayo Macromedia waliichukua mwaka 1996 na ambayo Adobe waliirithi walipoinunua kampuni hiyo mwaka 2005. Kwa mbunifu aliyetoka kwenye mabango na kadi za harusi, Flash ilikuwa kufunguliwa minyororo. Kurasa za kawaida za wakati ule zilimbana mtu: ukitaka mwandiko wako mwenyewe, uugeuze kuwa picha. Kwenye Flash uliweka chochote, popote, na kikacheza. Ndiyo maana siwacheki watu wa enzi ile.

Ila kusubiri kulikuwepo. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipita kwenye satelaiti, na kwenye intaneti kafe saa ilikuwa inahesabu. Unafungua tovuti ya studio, unapewa mstari unaojaa taratibu. Studio moja ya mjini iliupamba mstari huo kwa mtumbwi uliosafiri kutoka kushoto kwenda kulia, tanga likijaa upepo kadiri asilimia zilivyopanda. Ulichorwa vizuri kuliko chochote kilichofuata. Ukitia nanga, utangulizi unaanza: nembo inazunguka, ngoma zinalia, kafe nzima inakugeukia. Chini pembeni, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, kulikuwa na kitufe cha kuruka utangulizi. Mbunifu anayeweka kitufe cha kuikwepa kazi yake mwenyewe alishajua ukweli, hata kama hakuusema.

Walioona mapema walikuwepo. Jakob Nielsen, Mdenmark aliyehamia Marekani, aliandika Oktoba 2000 kwamba Flash ni mbaya kwa asilimia 99. Miaka 10 kabla ya hapo, yeye na Rolf Molich walikuwa wameeleza namna ya kukagua mfumo: wakaguzi wachache wanaupitia kwa kanuni zinazojulikana, kila mmoja peke yake, kisha wanaweka kasoro zao pamoja. Kanuni zenyewe ni za kawaida kabisa. Mtu ajue yuko wapi na nini kinaendelea. Asemeshwe kwa maneno anayoyatumia. Apate mlango wa kutokea akipotea. Sisi tulimwona mzee asiye na ladha, maana tovuti yake ilikuwa maandishi meusi kwenye weupe na viungo vya bluu, basi.

Hata hivyo, aliyetugeuza si Nielsen. Ni simu. Wateja walianza kutufungua kwa Opera Mini kwenye simu za batani, kivinjari ambacho kiliupeleka ukurasa kwenye mitambo ya kampuni ukapunguzwe uzito kabla haujamfikia mtu. Flash haikupita humo. Studio yenye kazi za kutamanisha ikaonekana kama karatasi tupu. Kisha iPhone ikatoka mwaka 2007 bila Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua ya wazi kueleza kwa nini haitaingia. Mwezi uliofuata Ethan Marcotte akachapisha makala yake kuhusu kurasa zinazojipanga zenyewe kufuata upana wa kioo. Menyu za mafumbo, zile alama zisizoonyesha jina mpaka upitishe mshale juu yake, zikafa kifo cha kawaida: kidole hakielei, kinagusa au hakigusi. Adobe walipoizima Flash mwishoni mwa 2020, hapa mjini ilikuwa imeshazikwa zamani. Mtumbwi ule sijaupata tena popote, na unanisikitisha.

Siku hizi nakodiwa kukagua tovuti za studio za wengine. Aliyenifunza zaidi kazi hii ni mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, aliyekuwa anatafuta watu wa kumtengenezea nembo na mifuko. Nilimfungulia tovuti ya wateja wangu kwenye simu yake mwenyewe, kioo kimepasuka kona moja, tukiwa tumesimama mlangoni juani. Nikamwomba atafute wanafanya kazi gani na namba yao ya simu.

Ikaanza video: ukuta wa saruji, mtu anatembea polepole. Juu yake sentensi ya Kiingereza, nyeupe kwenye anga jeupe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Haya hayakufika hata nusu, na jua la Kariakoo lilimalizia yaliyobaki. Mama alikinga kioo kwa kiganja.

"Mwanangu, hii ni benki?"

Nikanyamaza, maana kazi yangu hapo ni kunyamaza. Akateremsha ukurasa: picha, picha, picha, kila moja na jina la mradi lisilosema kitu. Vile vistari vitatu vya menyu aliviona, akadhani ni urembo. "Bando langu linaisha hapa," akasema, akatoka. Akafungua Instagram, akaandika jina la studio, akaikuta namba, akapiga. Kalamu yangu ingali hewani, yeye alikuwa ameshauliza bei ya mifuko.

Nilipopeleka ripoti, mkuu wa ubunifu aliisoma kwa heshima, kisha akasema, "Dada, yule mama si soko letu."

"Kaka, yule ameshawalipa nusu."

Tulibishana kwa ustaarabu, tena kwa muda mrefu. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: studio inajitangaza kwa macho, na tovuti zote zikifanana na fomu ya kufungua akaunti, nani atajua nani ana kipaji? Nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Nikizipitia tovuti za studio leo naona ukuta uleule, mtu yuleyule anayetembea polepole, uzito uleule wa enzi za Flash, ila kitufe cha kuruka kimeondolewa. Kushangaza kwenyewe hakupo, mzigo ndio umebaki.

Mwishowe video ilibaki, lakini haichezi mpaka uiguse. Juu yake pana sentensi moja ya Kiswahili: tunatengeneza nembo, vifungashio na mabango. Kila mradi una mstari unaoeleza mteja alitaka nini. Chini kabisa, pale kidole gumba kinapofika, kuna kitufe cha WhatsApp. Mkuu wa ubunifu bado analalamika kwamba kijani chake kinamharibia ukurasa.