Buloni Yenye Kukataa

Wakati wa vakansi kubwa wengi walituona na mikono myeusi, wakauliza: «Munafanya nini kila siku kule nyuma ya nyumba?» Jibu ndilo hili: tulikuwa tunafungua moteri ya gari ya baba, kipande kwa kipande. Leo tunataka kuwaeleza namna gani vyuma vilivyokataa kutoka viliishia kukubali.

Gari yenyewe ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza toka 1971 mpaka 1985. Moteri yake ni ya esansi, silinda ine. Ilikaa miaka mine chini ya mwembe, kwetu Uvira, na mvua iliingia namna ilivyotaka. Mbele ya kusimama, ilikuwa inaleta mchele na mihogo ya mama kutoka bonde la Ruzizi mpaka sokoni, na malipo yetu ya shule yalitoka mumo humo. Garaji moja iliomba bei yenye kupita malipo yetu sisi watatu ya mwaka mzima. Baba akasema: «Mufungue ninyi, pamoja na baba yenu mdogo. Lakini mujue, moteri ya pili haiko. Mukipasua hii, gari itauzwa kwa kilo.»

Baba mdogo ni fundi mekanisiani wa siku nyingi. Siku ya kwanza alikamata nyundo kubwa akaificha ndani ya nyumba. Kisha akatuuliza: «Hii buloni inakataa juu ya nini?» Sisi tulizani ni nguvu zetu ndizo zinapunguka. Akatueleza ya kwamba kutu si uchafu tu. Chuma kikigeuka kutu kinaomba nafasi kupita mara mbili ya ile kilikuwa nayo, na katikati ya nyuzi za buloni nafasi hiyo haiko. Basi kutu inabana sawa kabari. Mtu anayevuta kwa nguvu tu anaumiza shingo ya buloni, na shingo ndiyo itakatika mbele ya kutu kuachia.

Jambo la kwanza ni kle. Buloni nyingi za gari ile zilipimwa kwa inchi. Nusu ya inchi ni milimeta 12,7. Kle ya 13 inaingia, ndiyo, lakini inacheza, na ile nafasi ndogo inatosha kukula pembe za kichwa. Kichwa kikiisha kuwa mviringo, kazi ya dakika tano inakuwa kazi ya siku mbili. Tulienda kuazima kle za inchi kwa muzee mmoja jirani, za duara, zenye kushika kichwa pande zote.

Jambo la pili ni mafuta na subira. Tulichanganya petroli ya taa na mafuta ya moteri, nusu kwa nusu. Petroli inafanya mafuta yawe mepesi, yapate kupenya. Tulipakaa asubuhi na jioni, siku tatu, na kila mara tulipiga kichwa cha buloni pole pole na nyundo ndogo, juu ya kuvunja kutu ndani. Kisha tulianza kwa kukaza kidogo, ndipo kulegeza. Ikizunguka robo, tunairudisha, tunaongeza mafuta, tunakwenda tena. Baba mdogo alitufundisha pia kusikiliza. Buloni ikilia kama panya, ni kutu inaachia, muendelee. Lakini ikizunguka laini bila sauti, sawa mpira, musimame hapo hapo: inajikamua, iko karibu kukatika.

Upande wa eshapma, mafuta peke yake hayakutosha, maana pale moto wa miaka mingi umepika kila kitu. Hapo tulitumia moto nasi. Tulitoa kwanza tangi ya esansi na kuipeleka mbali, na ndoo ya mchanga ilikaa karibu. Mwaka uliopita mwalimu wa fizika alitufundisha ya kama chuma kikipata moto kinapanuka. Sisi tuliandika katika daftari na kusahau. Chuma cha milimeta 100, ukiongeza moto wa digrii 300, kinarefuka karibu milimeta 0,36. Ni kidogo, lakini buloni haiombi zaidi. Ndiyo maana unapasha ekru, hapana buloni: ekru inapanuka na kuachia. Ikiwa ingali moto, unagusisha mshumaa pale kwenye nyuzi, na nta inayeyuka na kunyonywa ndani.

Sasa pistoni. Zote ine zilishikana na silinda, na hii ndiyo ilitutia woga. Tulitoa bujii, tukamwanga mafuta yetu katika kila tundu, tukangoja juma zima. Land Rover ile ina manivela ya mbele, basi kila jioni tulijaribu kuizungusha kidogo. Siku sita hakuna kitu. Yaya wetu alianza kuuliza nyundo ilifichwa wapi. Siku ya nane manivela ilisogea upana wa kidole, na mama alitoka jikoni kuona ni kelele gani.

Kulasi nayo ilikataa, hata buloni zake zote zikiwa zimetoka. Fundi wengine wanachomeka turnevisi na kukamua. Baba mdogo alikataza kabisa: ile sura ya chuma ikikwaruzwa, maji na hewa vitapita, na joenti mpya haitasaidia. Kalbuteri zilikuwa zimeisha kutoka na supapi zote zilifungwa. Basi tulirudisha bujii, tukazungusha manivela, na hewa iliyobanwa ndani ya silinda ikasukuma kulasi toka chini. Iliachia na sauti kama ya chupa kufunguliwa.

Tusiwadanganye lakini. Gujoni moja ya eshapma ilikatika, na ilikuwa imepata mafuta, moto na mshumaa kama ndugu zake. Subira inapunguza hasara, haiondoi yote. Kutoboa na mashini kulikuwa hatari, sababu ncha ikienda pembeni inaharibu tundu lenyewe. Fundi wa kusude aliweka ekru juu ya kile kipande kilichobaki, akavisude pamoja kupitia katikati. Moto wa kusude uliingia mpaka ndani, tukangoja kipoe, na kle ikakitoa chote.

Siku moja mbele ya masomo kuanza, baba alikuja kupitisha mkono juu ya bloki, pole pole, pande zote. Haikuwa na ufa. Hakusema neno, lakini kesho yake alituma mtu kuuliza bei ya segima za pistoni. Gari bado haitembei. Kuna vitu vingi vya kununua. Lakini haikuuzwa.

Wandugu, kama kwenu kuko moteri iliyolala chini ya mti, musianze na nyundo. Muulize kwanza kile chuma kinashikwa na nini, kisha mutafute kle ya kipimo chake. Na mwenye kutaka kuona ile gujoni iliyokatika, tuliileta shuleni, iko katika kopo ndani ya bweni letu. Tulimwonyesha mwalimu wa fizika naye, akaizungusha mkononi mara mbili, akasema ataitumia darasani.