Ekari ya Hatua 70

Bumu likiingia, kila mtu ana orodha yake. Kuna wa kulipa deni la kantini, kuna wa kubadilisha simu, na kuna sisi ambao hela ikiingia tu, kijijini nako mvua zinakaribia. Wengi wetu hapa chuoni ni watoto wa wakulima, hata kama hatulitangazi. Mwaka wa pili, mwezi wa Novemba, Mama alinipigia kutoka Mbozi. Tulipomaliza salamu akasema, "Mwanangu, nimekodi ekari moja ya mahindi. Nisaidie mbolea, mfuko wa kupandia na wa kukuzia."

Yaani mfuko wa kilo 50 wa DAP na mwingine wa urea. Kwa bumu langu hiyo ni karibu nusu. Nikamuuliza, "Mama, hiyo ekari kaipima nani?" Akajibu kwamba kaipima mwenye shamba mwenyewe, hatua 70 kwa 70, kama wanavyopima wote.

Hatua 70 si uongo. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kipimo kiko sawa, ila kwa sharti moja: kila hatua iwe yadi moja, yaani kama sentimita 91. Sasa mwenye shamba yule namfahamu. Ni mzee mfupi, na siku hiyo alikuwa anapima shamba la kukodisha, si la kununua.

Nikamwomba mdogo wangu wa kidato cha pili atafute kamba, aipime mita 10 kwa futi ya fundi seremala, kisha aizungushe shambani. Jioni akanitumia meseji: mita 53 kila upande. Hesabu yake ni fupi. 53 mara 53 ni mita za mraba 2,809. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Gawanya, unapata 0.69. Mama kalipia ekari nzima, kapewa kama asilimia 70 yake.

Ukishapata namba hiyo, mbolea inajipima yenyewe. Kwao wanatumia mfuko mmoja kwa ekari, kwa hiyo shamba lile linataka kilo 35 za DAP, na urea hivyohivyo. Mbegu, badala ya kilo 10, zinatosha kilo 7. Namba za kwenye mfuko nazo zinasomeka: DAP ni 18-46-0, maana yake kwenye kilo 50 kuna kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Ni asilimia zilezile tulizofundishwa shuleni kwa mifano ya faida na hasara.

Mtu atasema, kwani mbolea ikizidi kuna ubaya gani? Kwanza ni hela. Pili, mbolea ya kupandia ikijaa kwenye shimo na kugusana na mbegu, inaiunguza. Mama anapanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Shamba la mita za mraba 2,809 linabeba mashimo kama 6,240. Gawa gramu 35,000 kwa mashimo hayo, unapata gramu 5.6 kwa shimo. Ndiyo maana mabwana shamba husema kizibo kimoja cha soda, kisha ufukie kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu.

Kilo 15 zilizobaki kwenye kila mfuko alichukua mama mdogo, naye akachangia hela. Mwenye shamba hakurudisha kitu. Alisema ekari ni ekari. Mama hakugombana naye, ila msimu uliofuata alikwenda na kamba mkononi kabla ya kutoa hata shilingi.

Jambo hilo nililibeba hadi kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipewa kidato cha kwanza, mada ya eneo, na darasa lilikuwa limepoa kweli. Nikawatoa nje uwanjani, nikawaambia wanafunzi sita watembee hatua 70 kutoka mstari mmoja. Wakasimama sehemu tofauti, wenzao wakacheka. Tukapima kwa kamba: wa nyuma kabisa alifika mita 45, wa mbele mita 61.

Nikauliza, shamba la huyu na la yule yatatofautianaje? Wengi walisema kidogo tu, mita 16. Tukazidisha ubaoni. 45 mara 45 ni 2,025, nusu ya ekari. 61 mara 61 ni 3,721, zaidi ya asilimia 90 ya ekari. Darasa likanyamaza. Upande ukipungua kidogo, eneo linapungua sana, kwa sababu upungufu unaingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Nilikuwa nimeshalieleza hilo kwa chaki siku mbili na halikuingia.

Wiki iliyofuata binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, alinifuata na karatasi. Alikuwa amepima shamba la bibi yake kwa kamba. "Mwalimu, tunanunua mbolea ya ekari mbili. Hii ni moja na robo." Nikaikagua hesabu yake mstari kwa mstari. Ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo wenzangu, bumu lijalo likiingia na simu ya nyumbani ikaita, tuma tu, wazazi ni wazazi. Ila kabla hujatuma hela ya mbolea, uliza kwanza hatua ni za nani.