Kikapu cha Miyaa Katika Soko la Lamu

Msafiri aendaye Lamu huacha gari Mokowe, akapanda chombo, na baada ya muda mfupi akashuka gatini mbele ya mji ambao vichochoro vyake havipitiki ila kwa miguu au kwa punda. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na sifa zake zinajulikana: milango ya nakshi, misikiti ya kale, Maulidi. Leo twapenda kumpeleka msomaji mahali pasipoandikwa sana, nako ni sokoni, kando ya Ngome, saa za asubuhi, akina mama wanaponunua mboga na samaki.

Tulikaa pale kutazama jambo moja tu: kila mnunuzi anabeba nini mkononi.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Kabla ya hapo, nyanya tatu zilikuwa na mfuko wake, na fungu la mchicha lina wake. Madhara yalionekana Lamu mapema kuliko kwingi. Punda hufunguliwa wakajitafutia chakula vichochoroni na majaani. Aliyemeza mfuko wenye harufu ya chakula huzibwa matumbo akateseka, pengine akafa. Na upepo ukipeperusha mfuko hadi baharini, kasa huudhani konyeza, akaumeza.

Je, sheria imebadilisha mikono ya wanunuzi? Imebadilisha, lakini nusu. Tuliona vikapu, na tuliona zaidi ile mifuko laini ya rangi inayofanana na kitambaa. Wengi huidhani kitambaa kweli. Mingi yake ni plastiki vilevile: nyuzi za polipropilini zilizoshikamanishwa kwa joto bila kufumwa. Mfuko huo ukitumiwa miezi mingi, una faida. Ukinunuliwa mpya kila uendapo dukani, kisha ukatupwa, basi tumebadilisha jina la taka tu, na taka yenyewe iko palepale.

Barazani si mbali na soko tulimkuta mama wa makamo akisuka ukili. Miyaa hukatwa, huanikwa juani hadi ikauke, huchanwa chane nyembamba, husukwa ukili mrefu, kisha ukili huo hushonwa kwa kuzungushwa hadi kikapu kikasimama. Tulimuuliza kama soko la vikapu lipo. Akajibu, "Lipo kwa wageni, sheikh. Wenyewe twaona haya kukibeba."

Neno hilo lilituingia. Bibi zetu hawakuona haya. Samaki na nazi walivitia katika pakacha la makuti. Lilipochakaa lilioza likawa mbolea, wala hapakuwa na aliyelilipia gharama ya kulizoa. Mgeni akinunua kikapu chetu akakipeleka Ulaya kuendea sokoni, nasi tukatoka na mfuko wa dukani, ni nani kati yetu aliyerithi ustadi wa bibi? Na kila kikapu tunachokiacha kwa haya kinampunguzia riziki mama yule, ambaye hufanya kazi yake ya halali akiwa barazani kwake, watoto wake wakimwona.

Watu wa Lamu wamekwisha kuonyesha kuwa taka si kadari isiyobadilika. Mafundi wa vyombo waliunda hapo jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ndara kuukuu za rangi nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, hatuwezi kuunda majahazi ya kutosha kumaliza mifuko yote. Njia nyepesi ni kutoiokota kwa kuwa haikutupwa.

Dini yetu imetutangulia katika hili. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, basi anayeuweka udhia njiani ajiulize yuko upande gani. Tumekatazwa israfu hata katika maji ya kutawadha. Punda na kasa nao ni viumbe tutakaoulizwa tuliwatendeaje.

Nasaha zetu kwa familia ni chache. Kikapu kitundikwe karibu na mlango, asiyekiona asikisahau. Mabaki ya kanga na leso yashonwe vifuko vya kutilia maharagwe, vitunguu na mkate. Kwa samaki na nyama, liende bakuli lenye kifuniko kutoka nyumbani. Mwenye mfuko wa polipropilini asiutupe leo kwa ajili ya kununua kipya. Autumie hadi uchakae. Hata mfuko wa pamba una gharama ya maji na shamba, na faida yake hupatikana kwa kutumiwa mara nyingi. Watoto watumwe dukani na kikapu tangu wadogo, na baba naye akibebe mbele ya watu, ili haya iondoke kwa kuonwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe walinzi wema wa amana yake, nchi kavu na baharini. Wabillahi tawfiq.