Maneno Marefu ya Lokole

Kuna wanaodhani ya kuwa wapiga ngoma wa Walokele, wale wavuvi wa mto Kongo karibu na Kisangani, ni watu wa maneno mengi bure. Hawajafahamu kazi yao. Lokole, ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, isiyo na ngozi, ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Haitamki neno, yafuata tu kupanda na kushuka kwa sauti ya msemaji. Na katika lugha yao mwezi ni songe, kuku ni koko, na maneno hayo hupanda na kushuka sawasawa. Msikiaji wa ng’ambo atajuaje ni lipi? Basi mpigaji huongeza: mwezi utazamao dunia toka juu, kuku, yule mdogo asemaye kiokio.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu na kujifunza ngoma hizo, alitoa kitabu juu yake mwaka 1949. Alionyesha ya kuwa hata mdomoni hatari ipo. Alambaka boili, kwa sauti hii, ni «aliangalia ukingo wa mto». Kwa sauti nyingine, ni «alimpika mama mkwe wake». Mimi nilicheka sana. Bibi yangu hakucheka: mama mkwe huyo ni mama yake.

Ndugu msomaji, mpiga lokole hauoni uso wa msikiaji, kwa hiyo hategemei kufahamika kwa neno moja. Sisi wa nyumba moja twaona kufahamiana kama mali tuliyokwisha kurithi.

Mwana wetu wa kwanza anafanya kazi Kolwezi. Baada ya majuma mengi ya kimya alituandikia kwa simu neno moja: «Niko.» Bibi yangu alisoma njaa. Mimi nilisoma uzima. Dada yake alisoma hasira, kwa ajili ya maneno waliyoambiana siku ya Noeli. Watu watatu wenye kumpenda, na kila mmoja alikuwa ametia ndani ya neno lile hofu au tumaini lake mwenyewe.

Jioni bibi yangu alimpigia simu. Hakumwuliza kama yu mzima, maana mtoto mwenye adabu hujibu «ndiyo» tu. Alimwuliza alikula nini jana, na ni nani anayemfulia nguo. La kwanza alilijibu upesi. La pili alinyamaza kidogo, kisha akaanza kusema, akasema hata fedha ya simu ikaisha.