Kinyonga aliyerudi Mwakirunge kwa matatu

Ukipanda matatu pale Buxton Jumapili asubuhi, ukavuka daraja la Nyali na kuliacha soko la Kongowea na makelele yake, haupiti muda utakuwa pande za Kiembeni na Bamburi Mtambo. Majuzi niliifunga safari hiyo na wanangu wawili. Magotini nilipakata katoni ya biskuti iliyotobolewa matundu. Abiria wa kando yangu alichungulia, akaruka kana kwamba ameona swila. Ndani mlikuwa na kinyonga.

Kifungua mimba wangu alikuwa amemnunua kwa kijana wa mtaani kwa shilingi hamsini. Akamwekea kifuniko cha maji na makombo ya mkate, akaamini kwamba hiyo ni karamu. Siku ya tatu macho ya mnyama yalikuwa yamedidimia na ngozi imekuwa nyeusi kama masizi. "Baba, mbona hanywi na maji anayo?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Ikanibidi kuwauliza wajuao na kufungua vitabu.

Kumbe kinyonga si kuku, msomaji mpenzi. Maji yaliyotuama katika kisahani aghalabu hayatambui. Yeye hunywa matone ya umande na mvua yanayoning'inia kwenye majani, hivyo huweza kufa kwa kiu maji yakiwa chini ya pua yake. Asipopata jua, mifupa yake hulegea. Tena hupenda upweke. Hata ukimwekea kioo, akijiona humo hudhani amevamiwa, akavimba kwa hasira. Na rangi zake si za kujificha tu kama tulivyozoea kusema. Nyingi hutokana na joto, baridi, hofu au ugomvi. Weusi ule wa kwenye katoni ulikuwa kilio.

Tulikata tawi la mpera, tukalinyunyizia maji. Alikunywa tone baada ya tone, kwa muda mrefu, hadi watoto wakanyamaza kimya.

Wa nyumbani na wa nadra

Huyu wetu wa Kisauni, mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, si mnyama adimu. Aina yake huenea kutoka pwani yetu hadi Afrika Kusini. Jike hushuka mtini, akachimba shimo na kufukia mayai yake kwa makumi. Lakini ana jamaa zake ambao ulimwengu mzima hawana kwao pengine.

Ukishika barabara ya Nairobi hadi Voi, kisha ukapanda Wundanyi, utafika kwenye milima ya Taita. Katika mabaki ya misitu kama Ngangao, Chawia na Mbololo yuko kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 2002. Milima hiyo ndiyo dunia yake. Mwingine yuko mlima Nyiro, kaskazini ya nchi, naye alitambulishwa mwaka 2009. Wa msitu wa Magombera huko Tanzania alijulikana mwaka 2009, na mmoja wao alipatikana baada ya nyoka kushtuliwa akamwachilia kutoka kinywani! Wote hawa wako katika ukoo ambao wanasayansi waliuita Kinyongia mwaka 2006, kwa kuazima neno letu wenyewe la Kiswahili.

Adimu ndiye hutafutwa. Ng'ambo wako watu wanaotoa fedha nyingi kuwafuga katika vizimba vya kioo. Ndiyo sababu tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga baina ya mataifa imewekewa masharti. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na kwetu Kenya sheria ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali.

Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kuuzwa. Mwuzaji akawaacha uani mwake wapumzike na uchovu wa safari. Walitawanyika, wakazaana, na leo wanahesabiwa kuwa waharibifu huko, kwa kuwa wanakula wadudu na konokono wa visiwa hivyo. Mnyama ambaye kwao ni pambo, ugenini amekuwa balaa.

Si haki kusema kila kizimba ni kibaya. Wafugaji hodari wamefaulu kuzalisha baadhi ya aina, na kwa kuwatazama tumejifunza mengi. Lakini hata wakizaliwa mia ndani ya kioo, hawatarudisha mti mmoja uliokatwa Taita.

Kwao ni wapi?

Nia yetu ilikuwa kumrudisha kwenye ua wa miti alikookotwa. Tulipofika, ua haukuwapo. Palikuwa na mawe ya ploti, mchanga na rundo la matofali. Mwanangu alisimama na katoni yake, akanitazama. "Sasa kwao ni wapi, baba?"

Karibu na hapo pana Haller Park, iliyokuwa machimbo ya mawe ya saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika jangwa lile, na mivinje ikashika. Majongoo wakasaga majani yake yakawa udongo, na leo ni msitu. Basi kichaka huweza kurudi, ila kwa jasho la miaka mingi. Kukikata ni kazi ya asubuhi moja.

Tukaendelea hadi Mwakirunge, shambani kwa ami yangu. Watoto wakamwamkia. "Shikamoo, babu." "Marahaba, wajukuu zangu. Mumenileteani?" Alipofunua katoni alirudi nyuma hatua mbili. "Lumbwi! Mwanangu, wamletaje huyu kwangu?"

"Ami, nyumba yake imevunjwa."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akaelekeza bakora yake. "Haya, mpandisheni mkorosho ule wa mwisho, mbali na kuku."

Tulimweka tawini. Akapiga hatua moja, akayumba, akapiga ya pili. Kabla hajafika kwenye majani, weusi wake ulikuwa umeanza kugeuka kijani.